Kiengua-povu
Kitenzi “engua” nilikijua jikoni, kwenye povu la nyama ichemkayo. Tangi langu la samaki wa baharini limekipa kazi nyingine: chombo hupuliza viputo vidogo, protini za uchafu hunata kwenye viputo hivyo na kupanda na povu hadi kikombeni kabla hazijaoza.

Pampu yake ni ya namna mbili. Ya mkondo geu hutumia umeme wa ukutani, volti 240. Ni nafuu na sugu, ila kasi yake haibadiliki. Ya mkondo mnyoofu, aghalabu volti 24, hurekebishwa kasi, tena hukubali betri. Bei yake, ole wangu! Lakini hapa Nairobi umeme hupotea usiku bila hodi, na viputo hivyo hivyo huwapa samaki hewa. Nimeinunua.