Corolla ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu amefikisha miaka 18, umri wa leseni ya gari, na Mzee ameshamwonea Corolla ya 1998. Gari limemzidi dereva umri. Si wazo baya: vipuri viko kila mahali, na akilikwaruza ukutani hakuna atakayelia. Tena magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo hili limezeekea hapa hapa, kwenye mashimo yetu.

Fundi akafungua boneti, akasikiliza. "Mzee, injini iko fiti." Mzee akaanza kuhesabu pesa.

Mimi nikaingia kiti cha nyuma. Kijana wa miaka 18 haendi peke yake. Hapo watajazana marafiki zake. Mkanda mmoja haukukubali kufunga, mwingine umechanika. Tairi zilimeta, lakini ubavuni ziliandikwa 2312: wiki ya 23, mwaka wa 2012. Mpira huzeeka hata bila kwisha.

"Hayo ni madogo," muuzaji akamwambia Mzee, si mimi. Kwetu aliyeacha chuo hana sauti sana.

Mzee akarudisha pesa mfukoni, akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Hebu nionyeshe hizo namba."