Ulinzi wa Kwenda Mbele

Wengi wapendao kandanda hudhani kuwa ushambulizi huanza mguuni pa mwenye mpira, na kuwa asiye nao hana kazi ila kurudi nyuma alinde lango lake. Timu ya Uholanzi iliyocheza Kombe la Dunia katika Ujerumani ya Magharibi mwaka 1974 ilikanusha dhana hiyo mbele ya macho ya ulimwengu. Mwalimu wake, Rinus Michels, aliyekwisha kuipa Ajax ya Amsterdam kombe la Ulaya mwaka 1971, aliwapanga walinzi wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Walakini mpango huo ulikuwa wa karatasini. Uwanjani, mpira ulipopotea, wote kumi walikwenda kuutafuta.

Mchezo wao na Uruguay, mjini Hannover, tarehe 15 Juni, ni ushahidi ulio bora kuliko maelezo. Mruguay alipopokea mpira hakupewa nafasi hata ya kuinua uso. Waholanzi watatu, pengine wanne, walimwendea kwa pamoja kama nyuki waliochokozwa mzingani, na njia alizotazamia kuutolea mpira zikazibwa kabla hajaziona. Akiupiga mbele kwa hofu, aliwakuta wenzake wameotea, maana mabeki wa Uholanzi walikuwa wamekwisha kupanda kwa mstari mmoja kuelekea katikati ya uwanja. Sheria ya zama zile iliwafaa: mshambuliaji aliyelingana na beki alihesabiwa kuwa ameotea, jambo lililobadilishwa mwaka 1990. Uruguay ilifungwa mabao 2 kwa 0, yote ya Johnny Rep. Idadi hiyo ni ndogo kuliko mateso waliyoyapata.

Sifa za mchezo huo aghalabu hupewa Johan Cruyff, naye anazistahili. Lakini mshambuliaji amkimbiliaye adui akamkosa hupoteza pumzi tu. Beki apandaye akachelewa hatua moja hupoteza bao. Ujasiri mkubwa, basi, ulikuwa wa watu wa nyuma. Mgongoni mwao palibaki uwanja mtupu, usio na mtu ila mlinda lango. Ndiyo sababu Michels alimchagua Jan Jongbloed, mtu wa miaka 33 aliyevaa namba 8: hakuogopa kutoka langoni akaucheza mpira kwa miguu kama beki. Na Arie Haan, aliyesimama mbele yake, alikuwa kiungo kwa asili. Katika michezo sita ya kwanza Uholanzi ilifunga mabao 14, ikafungwa 1 tu, nalo alijifunga beki wao Ruud Krol walipocheza na Bulgaria.

Fainali ilikuwa Munich, tarehe 7 Julai. Wajerumani hawajaupata mpira bado, Cruyff akaangushwa na Uli Hoeness, na Johan Neeskens akafunga penalti katika dakika ya 2.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kukaba hakujui mapumziko. Kila mchezaji hukimbia kwa kuamini kuwa mwenzake naye anakimbia, na imani hiyo ikipungua kwa mmoja, mbio za wengine huwa bure. Waholanzi, wenye bao mkononi, walianza kuuchezea mpira mahali pa kuufukuza. Mistari yao ikaachana, Wajerumani wakapata nafasi ya kuinua nyuso. Paul Breitner akasawazisha kwa penalti katika dakika ya 25. Dakika ya 43 Rainer Bonhof alimpita Haan upande wa kulia, akaurudisha mpira ndani, na Gerd Müller akageuka akapiga. Kipindi cha pili Waholanzi walirejea kukaba kama desturi yao, lakini Sepp Maier aliwazuia, na mchezo ukaisha 2 kwa 1.

Wako wasemao kuwa mbinu ya Michels ilikuwa ya hatari mno, na kuwa siku moja haikosi kuadhibiwa. Hukumu hiyo haipatani na bao lenyewe. Müller hakufunga kwa kukimbia peke yake katika ule uwanja mtupu uliowatisha watu. Alifunga ndani ya eneo la penalti, mabeki wakiwa wamerudi karibu naye, na Jongbloed akiwa mstarini pake.