Barua kwa Shangazi: Omar Khayyam wa Tandika

Shangazi mpenzi, uliniagiza nikusimulie safari yangu ya maktaba hapa Dar es Salaam, basi kaa vizuri.

Nilipanda daladala Tandika asubuhi, foleni ikatushika mpaka Kariakoo. Hapo nikashuka, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu hadi Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliko Maktaba Kuu ya Taifa. Nilikwenda kwa ajili ya kitabu kimoja: *Omar Khayyam kwa Kiswahili* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, wakati yeye ni mtumishi wa serikali huko huko kwenu Tanga. Khayyam mwenyewe alizaliwa Nishapur, Uajemi, mwaka 1048. Alikuwa bingwa wa hesabu na nyota, na alishiriki kutengeneza kalenda mpya ya Uajemi ya mwaka 1079. Kwa Kiingereza alitafsiriwa na Edward FitzGerald mwaka 1859. Kitabu cha FitzGerald hakikununuliwa, kikaishia kwenye sanduku la vitabu vya bei ya peni mlangoni pa duka moja London. Huko ndiko wapenzi wa ushairi walikokiokota mwaka 1861, na sifa zake zikaanza kuenea. Shaaban Robert alimpokea Khayyam kupitia tafsiri hiyo ya Kiingereza.

Jioni nilikwenda Kinondoni kumwona rafiki yangu, akanipeleka kwenye kijiwe chao cha kahawa. Nilipotaja nilichotoka kukitafuta, mzee mmoja aliacha bao akaanza kughani beti za Khayyam kwa kichwa. Alizisoma ujanani, hajazisahau. Pakazuka ubishi mtamu! Kijana mmoja aliuliza, Mwislamu kama Shaaban aliwezaje kutafsiri mashairi yanayosifu mvinyo? Mzee akashikilia kwamba mvinyo ule ni elimu na mapenzi ya Mungu, wasemavyo masufi. Mwingine akakataa: Khayyam alimaanisha mvinyo wa kikombeni, na hofu ya mtu anayejua kwamba umri unakwisha. Mimi niko upande wa huyu wa pili. Lakini kilichonifurahisha ni kwamba maneno ya mtu aliyefariki mwaka 1131 yaliwafanya watu wazima wasahau kahawa yao ikapoa. Rubai, umbo la beti za Khayyam, ni ubeti wa mistari minne, nasi tumelelewa na tarbia, mashairi yetu ya mistari minne kila ubeti. Sikio la Mswahili halikuhitaji kufundishwa.

Sasa nikueleze maktaba yenyewe ilikotoka. Kabla ya uhuru, vitabu vya kuazima viliwafikia watu wengi wa bara kupitia East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948. Ilituma vitabu kwa posta na kwa masanduku. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967. Sensa ya mwaka huo iliwakuta wakazi 272,821 katika jiji zima. Sensa ya 2022 iliwakuta 5,383,728, na wa Temeke peke yao ni zaidi ya milioni moja.

Ndiyo maana, shangazi, nasema kwa uchungu: mtoto wa Mbagala hawezi kutegemea ukumbi ulioko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha mchana, na foleni inakula muda wa kusoma. Masanduku yale ya zamani yalikuwa na akili. Yarudishwe, safari hii yapelekwe kwenye ofisi za serikali za mitaa Tandika, Mbagala na Mwananyamala, na ndani yake wawemo Shaaban na Khayyam pamoja na vitabu vya mitihani. Kijiwe kile kimenithibitishia kwamba wasomaji wapo.

Nina ombi kwako. Waulize wazee wenzako wa Tanga: aliye na nakala ya zamani ya kitabu hicho cha Shaaban asiiache iliwe na mchwa sandukuni. Aipeleke shule au maktaba iliyo karibu naye, au anipe mimi niifikishe Tandika.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao wa Temeke