Mbuzi Aliyenifunza Kiingereza

Wengi wetu hapa shuleni tunakiogopa Kiingereza. Mimi sikuwa mmoja wao. Tangu kidato cha kwanza nilijiona hodari, kwa kuwa nilikariri maneno mengi kuliko wenzangu wa bwenini. Basi leo nataka kuwaeleza jinsi uhodari wangu ulivyopimwa nyumbani kwetu, na somo nililolipata baadaye darasani.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nami ni kidato cha tatu. Kwetu ni upande wa Bahi, na baba ni mkulima wa mtama na uwele, mwenye mbuzi wachache. Wakati ule mbuzi walikuwa wamekonda kwa minyoo. Baba mdogo alikuwa amenunua chupa mbili za dawa mnadani, kisha akasafiri kabla ya kueleza matumizi yake. Karatasi zake zilikuwa zimechakaa na kufutika, yakabaki maneno ya juu tu, nayo kwa Kiingereza.

Asubuhi moja baba aliniita zizini. Akanipa zile chupa akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Nisomee, ipi ni ya kunywesha?"

Nikasoma. Moja iliandikwa "Goat and Sheep Drench," na ya pili "Goat and Sheep Dip." Maneno ya mbele niliyajua vema: mbuzi na kondoo. Neno la mwisho katika kila chupa sikulijua, nami niliona haya kusema sijui mbele ya wadogo zangu. Nikawaza moyoni kwamba jambo kubwa hutajwa kwanza, na yanayofuata ni mapambo tu. Nikajibu kwa sauti kuu, "Zote ni za mbuzi na kondoo, baba. Yoyote itafaa."

Baba akachukua iliyokuwa karibu. Akaanza na mbuzi jike aliyekuwa ananyonyesha watoto wawili. Haukupita muda, yule mbuzi akatoka mate mengi, akatetemeka, akalala chini. Tulimkimbilia mzee jirani aliyewahi kuwa bwana mifugo. Alipofika aliitazama chupa mara moja tu, akasema, "Hii ni dawa ya kuogeshea, ya kuua kupe. Ni sumu." Kabla ya adhuhuri mbuzi alikuwa amekufa.

Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Mbuzi alikuwa wangu, lakini kusoma ni kwako." Mama alilea wale watoto wa mbuzi kwa maziwa ya kuomba kwa majirani. Mmoja aliishi. Nami nilirudi shuleni na jambo hilo moyoni, sikumwambia mtu.

Muhula uliofuata mwalimu wetu wa Kiingereza alianza kufundisha kirai nomino, yaani fungu la maneno lenye nomino moja iliyo kuu, pamoja na maneno yanayoieleza. Aliandika ubaoni, "vitabu vyangu vikubwa vitatu," na chini yake, "my three big books." Akatuuliza tunaona nini. Tuliona kwamba Kiswahili hutanguliza nomino na maelezo hufuata, na kila neno hubeba alama ya vitabu. Kigogo chetu nacho hutanguliza nomino vivyo hivyo. Kiingereza huanza na maelezo, na nomino huja mwisho. Tena alama ya wingi hukaa katika "books" peke yake, ndiyo maana mwenzetu aliyeandika "bigs books" alikosa.

Mwalimu akasema, "Katika Kiswahili nomino ni kama baba anayetangulia njiani, na watoto nyuma yake wamevaa kitambaa kimoja. Katika Kiingereza nomino ni kama mchungaji. Huwatanguliza mbuzi, mwenyewe yuko nyuma. Ukitaka kujua kundi ni la nani, usimwulize mbuzi wa mbele."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliziona zile chupa mbili mbele ya macho yangu. "Goat" na "sheep" walikuwa mbuzi wa mbele. Mchungaji katika chupa moja alikuwa "drench," dawa ya kunywesha, na katika ya pili alikuwa "dip," dawa ya kuogeshea. Neno nililolidharau ndilo lililokuwa jina la kitu chenyewe.

Tangu siku hiyo nikaanza kuchunguza virai kila mahali. "Goat milk" ni maziwa ya mbuzi, bali "milk goat" ni mbuzi wa maziwa. Maneno ni yale yale, lakini anayekwenda sokoni kwa kimoja hawezi kurudi na kingine akasema ni sawa. Hata hivyo mwalimu alituonya kwamba si kila neno la mwisho ndilo kuu. Tukikuta "of," "in," "on" au "with," tutazame neno lililo kabla yake. "The bottle of medicine on the table" ni chupa, si dawa wala meza.

Jambo hili si la somo la Kiingereza tu. Katika zoezi la Jiografia tuliulizwa habari za "soil erosion control methods in Kondoa." Wengi walijaza kurasa kwa habari za udongo na makorongo, wakapata alama chache. Neno kuu ni "methods," yaani njia. Swali lilitaka tueleze jinsi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulivyotumia makinga maji na upandaji wa miti, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoharibika sana. Wale wenzetu waliyajua hayo yote, lakini walimjibu mbuzi wa mbele.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha nne, mwalimu alitupa insha ya Kiingereza juu ya kosa tulilowahi kutenda. Nikaanza hivi: "The goat died." Mwalimu akapiga mstari chini ya "the," akaniuliza, "Je, msomaji amekwisha kumjua mbuzi huyu, au ndiyo kwanza unamtaja?" Katika Kiswahili tungesema "mbuzi alikufa" yatosha, na msikilizaji angeelewa mwenyewe kwa mazungumzo. Kiingereza hutaka useme. Nikafuta, nikaandika "a," kisha nikamweleza mwalimu habari yote.

Ndugu zangu, hasa ninyi wa kidato cha kwanza, msione haya kusema hamjui. Mkifika kwenye fungu la maneno ya Kiingereza, litafuteni neno kuu kwanza, na msipolijua, ulizeni. Likizo iliyopita baba alinipa tena chupa ya dawa niisome. Nilifungua kamusi mbele yake na mbele ya wadogo zangu, nikatafuta neno moja baada ya jingine, naye akangoja.