Nansio kwa Mara ya Kwanza

Tawi letu la Nansio nilikuwa nalijua kwa sauti tu. Simu inaita, mhasibu anasema mashine imeganda, nami nikiwa Mwanza naingia kwenye kompyuta yake kwa mbali, naona kioo chake, natengeneza, naaga. Kisiwa chenyewe cha Ukerewe nilikuwa sijawahi kukikanyaga. Septemba 2025 ikanibidi, maana Microsoft ilishatangaza kwamba masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 yangekoma tarehe 14 Oktoba, na karibu kompyuta zote za tawi zilikuwa zinatumia hiyo hiyo.

Meli iling'oa nanga bandari ya Mwanza Kaskazini, imejaa magodoro, kreti za soda na akina mama waliokuwa wamekuja mjini kuuza machungwa. Begi langu nilikaa nalo mapajani. Ndani mlikuwa na diski ya nje yenye faili la kusimika Windows 11, zaidi ya GB 5, nililolipakua ofisini mara moja. Tawi linatumia modemu ya laini ya simu. Kila mashine ingepakua faili lake yenyewe, bando lingekwisha kazi haijafika popote.

Mzee niliyekaa naye ni mwenyeji wa kisiwani. Alinisimulia habari za Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, mswada ukangoja mpaka 1980 ndipo kitabu kikatoka kwa Kiswahili. Miaka 35 karatasi zile hazikupotea. Nikamwambia kwamba nami naenda kuangalia vitabu vya hesabu vya ofisi visipotee, naye akanitakia kheri. Tulifika baada ya saa zaidi ya tatu, upepo wa ziwa umeshaanza.

Ripoti zetu za makao makuu zilikuwa zinaandika kila mwezi: Nansio hawasasishi. Sababu niliiona siku ile ile. Baada ya chakula cha mchana umeme ulikatika, na kompyuta zote zikazima papo hapo, kwa kuwa betri za UPS zilishakufa zamani. Mhasibu, mama wa makamo ambaye wote pale wanamwamkia shikamoo, akanieleza kwamba mwaka uliopita umeme ulikatika sasisho likiwa katikati, mashine ikagoma kuwaka, na mishahara ikachelewa. Tangu hapo wakakubaliana kusimamisha masasisho. Kwa mazingira yale, uamuzi wao ulikuwa na akili. Kioo nilichokuwa nakiona nikiwa Mwanza hakikuwahi kunionyesha betri iliyokufa chini ya meza.

Meneja aliniuliza swali la haki: kompyuta zinafanya kazi, haraka ya nini? Nikampa kisa cha kirusi cha WannaCry. Kiraka cha kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia kilitolewa Machi 14, 2017. Shambulio lilikuja Mei 12, takriban miezi miwili baadaye, likapiga mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo, haikutumika. Kwa Windows 10 baada ya Oktoba ni vibaya zaidi, maana ofisi isiyolipia haipewi hata kiraka chenyewe.

Jambo lililonitia hofu zaidi lilikuwa kwenye ruta. Fundi wa nje aliyeifunga miaka ya nyuma alikuwa ameacha mlango namba 3389 wazi kwa dunia nzima, ili yeye aweze kuingia kwenye seva akiwa kwake. Nilifungua kumbukumbu za seva, tukazisoma pamoja na meneja: majaribio ya kuingia yaliyoshindikana, mstari chini ya mstari, sekunde chache kati ya moja na jingine, yakibahatisha majina ya "administrator", "admin", "user", usiku kucha. Hakuna mtu wa Nansio aliyekuwa macho saa zile. Hizo ni programu zinazozunguka intaneti zikijaribu kila mlango. Niliufunga mlango ule kabla ya kugusa kitu kingine, nikaweka VPN, na kila anayeingia kwa mbali sasa anatoa nywila pamoja na namba ya siri kutoka kwenye simu yake.

Namba hiyo ndiyo iliyomvutia mama mhasibu. Mtandao ulikuwa umepotea kabisa, lakini programu kwenye simu yake iliendelea kutoa tarakimu sita mpya kila baada ya sekunde 30. "Mwanangu, zinatoka wapi na mtandao hakuna?" Nikamweleza kwamba siku ya kujiandikisha, simu na seva zilipeana siri moja, tangu hapo kila upande unapiga hesabu wenyewe kwa kuchanganya siri ile na saa. Mtandao uliporudi, namba zake zilikataliwa. Akaitazama simu, akailinganisha na saa ya ukutani, akasema: "Saa yangu iko mbele kwa dakika kumi." Alikuwa ameisogeza makusudi ili asichelewe kazini. Akairudisha, mlango ukafunguka. Mafunzo ya wenzake yaliyofuata aliyaongoza yeye.

Kompyuta mbili za zamani zilikataa Windows 11, hazina chipu ya TPM 2.0. Kuziongezea muda kwa leseni ya ofisi ilikuwa dola 61 kila moja kwa mwaka wa kwanza, na bei ingeongezeka maradufu kila mwaka. Tuliziondoa kwenye intaneti, na nimeandika ombi la kununua mpya pamoja na betri za UPS.

Wenzangu wa TEHAMA wenye matawi ng'ambo ya maji au mwisho wa barabara ya vumbi, ingizeni nauli na betri kwenye bajeti kabla ya kuandika leseni. Na leo, kabla hujafunga ofisi, fungua ruta ya tawi lako la mbali kuliko yote uangalie kama 3389 imefungwa.