Fremuweki Kama Mchumba, Usitazame Sura Tu

Mpenzi msomaji, wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi na mitoko, tuongelee uchumba wa aina nyingine: kuchagua fremuweki. Usikunje uso! Fremuweki ni programu iliyoandikwa tayari ambayo fundi wa tovuti huitumia kujenga ule upande unaouona kwenye simu yako: vitufe, fomu, picha zinazobadilika. Ziko nyingi, na kila moja ina wapambe wake.

Mimi ni fundi wa tovuti hapa Dar. Shangazi yangu anapika keki Tabata, akataka tovuti ya picha, bei na fomu ya oda. Basi. Pesa yenyewe ni ya kibubu, na baada ya miezi miwili mimi nilikuwa nahamia Mwanza kikazi.

Upande wa nyuma haukunisumbua. Nilichukua Firebase, huduma ya Google inayokutunzia data kwenye kompyuta zao, kwa hiyo hakuna seva ya kununua. Mteja akiandika oda, inakaa huko na shangazi anaiona. Kasheshe ilikuwa upande wa mbele.

Washikaji wakaanza. Mmoja akasema, "React, bwana! Imetoka Facebook tangu 2013, ajira zote ziko huko." Ajira kweli zipo, lakini shangazi hatafuti ajira, anatafuta oda. Wa pili akanadi Angular ya Google, kwamba ina kila kitu ndani. Sawa, lakini hiyo inafaa kampuni yenye mafundi kibao. Tena ile ya kwanza, AngularJS ya 2010, iliachwa kuhudumiwa mwishoni mwa 2021, waliokuwa nayo wakabaki wanatafuta pa kuhamia. Wa tatu akataja Svelte ya Rich Harris, ya 2016. Hiyo hufanya kazi yake kubwa kabla tovuti haijapanda hewani, hivyo simu ya mteja inapakua kidogo. Hapo nilisikiliza, maana wateja wa shangazi wanaishi kwa bando la kuungaunga.

Lakini swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mimi nikiwa Mwanza na unga umepanda, nani atabadilisha bei ya keki?

"Mwanangu, si yupo mdogo wako?" shangazi akasema. Alimaanisha binti yake. Binti anajua HTML na JavaScript kidogo, na kompyuta anaazima kwa jirani. Svelte na React kwa kawaida zinataka uweke zana zake kwenye kompyuta, halafu kila ukigusa kitu ujenge upya kabla ya kupandisha. Kwenye kompyuta ya kuazima? Thubutu!

Nikachukua Vue, aliyoitoa Evan You mwaka 2014. Unaiita kwa mstari mmoja ndani ya ukurasa wa kawaida wa HTML, kazi inaanza. Niliiweka kwenye fomu ya oda tu, kurasa nyingine nikaziacha HTML tupu. Nikamkalisha binti, akabadilisha bei mwenyewe.

"Kaka, ndiyo hapa tu?"

"Hapo tu."

Na hili lishike, hata ukichagua fremuweki gani: funguo za Firebase zinazokaa kwenye tovuti yako mtu yeyote anaweza kuziona. Kinachozuia namba za simu za wateja zisisomwe ovyo ni sheria unazoandika ndani ya Firebase yenyewe. Usipoziandika vizuri, urembo wa mbele haukusaidii kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiulize ipi inavuma mjini. Uliza nani ataifungua na simu gani, na nani atabaki nayo wewe ukiondoka. Ukiwa na timu na tovuti kubwa, React au Angular zitakufaa sana tu. Kila chombo kwa wimbile. Tukutane wiki ijayo!