Kambale wa Binti Yangu

Labda mtacheka mkisikia ya kuwa mtu mzima, mwalimu wa shule, baba wa watoto watano, alikesha usiku kucha kando ya beseni kwa ajili ya samaki. Chekeni tu. Hata mke wangu alicheka, ingawa kabla jogoo hajawika alikuwa ameketi karibu nami, kikwembe mabegani.

Sisi tunakaa Tshangalele, upande wa Likasi. Watu wa hapa humjua samaki akiwa wavuni, au akiwa mkavu kikapuni, au akiwa sahanini karibu na bukari. Kumfuga kwa kumpenda si desturi yetu. Lakini mjomba wa watoto ni mvuvi, na siku moja alituletea ndani ya bidoni kambale mdogo, urefu wa kiganja, pamoja na tilapia wawili wasiozidi kidole. Binti yangu wa miaka tisa akaomba wasikaangwe. Mjomba akamjibu, “Haya mama, ni wako.”

Miezi minne walikaa katika beseni la plastiki chini ya mwembe, ndani ya maji ya kisima. Kambale ana ndevu nane, nazo hupapasa nazo kila kitu kama kipofu apapasavyo ukuta. Kila mara hupanda juu, humeza hewa, hushuka tena, kwa maana ana kiungo juu ya matamvua yake cha kupumulia hewa. Ndiyo sababu aweza kuishi hata katika matope. Huyu wetu alizoea kula minyoo vidoleni mwa mtoto.

Ikafika Desemba na mvua zake. Mimi nilikuwa nimeezeka jiko kwa mabati mapya, na sokoni nikanunua beseni kubwa la bati, linang’aa kama mwezi. Nikataka kumfurahisha binti yangu. Nikataka pia majirani walione, mbona nifiche? Jumamosi jioni nikalijaza maji ya mvua yaliyotiririka kutoka paa lile jipya, maji safi kama kioo, nikawahamishia samaki humo kwa mikono yangu.

Jumapili asubuhi, tukijitayarisha kwenda Misani, tilapia wote wawili walikuwa wakielea, matumbo juu. Kambale alilala ubavu. Mwili wake ulifunikwa na ute mweupe, akapanda kuvuta hewa, akaanguka, akapanda tena. Nikamwita binti yangu. “Umewapa nini?” Akasema aliwapa kipande cha bukari kilichobaki. Basi, hukumu ilikuwa tayari. Nilimgombeza mbele ya ndugu zake, nikamwambia kwamba chakula kikioza huharibu maji, na kwamba yeye ndiye amewaua. Neno la kwanza ni kweli. La pili nililisema kwa kuwa nilikuwa na hasira. Akaenda kanisani macho yamevimba.

Baada ya Misa nikaanza uganga wangu. Nilikuwa nimesikia kwamba chumvi huponya samaki, nikatia chumvi. Nikamwaga maji yote, nikajaza mengine ya mvua kutoka paa lile lile. Kambale akazidi kulegea. Jirani mmoja akanishauri nimwagie dawa ya vidonge vya rangi mbili, ambavyo kwetu hupewa mtu, kuku na mbuzi pasipo kuuliza. Namshukuru Mungu kwamba havikupatikana siku ile.

Jioni akapita mzee mmoja, jirani yetu, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha shaba. Hakumtazama samaki hata kidogo. Alitazama beseni. Akaligonga kwa ukucha, akachovya kidole majini, akakitia ulimini, akatema.

“Mwalimu, maji haya umeyatoa wapi?”

Nikamwonyesha paa.

“Na hili bati ni jipya pia?”

Nikakubali. Akanieleza taratibu, kama nami nielezavyo watoto wa darasa la pili. Bati hupakwa zinki ili lisipate kutu. Maji ya kisima chetu yana chokaa ndani yake, lakini maji ya mvua hayana, basi yana njaa, nayo hula zinki. Mtu akiyaoga hapati neno. Lakini samaki huyapitisha katika matamvua yake mchana na usiku. Matamvua yakiungua hutoa ute, ute huziba, naye hukosa pumzi hali yumo majini. Tilapia hawakuwa na njia nyingine. Kambale alibaki hai kwa sababu alikuwa akipumua juu.

“Na chumvi, mzee?”

“Chumvi inasaidia maji kula bati upesi.”

Sikuwa na la kujibu. Tukamrudisha kambale katika beseni lake la plastiki, kwa maji ya kisima. Mzee akaniagiza: asile kitu siku tatu, kila asubuhi niondoe nusu ya maji, si yote, akae kivulini, na juu nifunike kwa mkeka usiobana, kwa maana kambale huruka. Nikitumia maji ya bomba la mjini, yenye dawa ya kuua vijidudu, yalale kwanza siku nzima ndooni, wazi.

Usiku ule nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Ziwa letu lenyewe lilifanywa na watu, walipouziba mto Lufira huko Mwadingusha, kazi iliyomalizika mwaka 1930, ili upatikane umeme wa kuyeyushia shaba. Vijito vya Likasi, Panda na Buluo, vimeleta humo uchafu wa madini, na wataalamu waliopima samaki wa Tshangalele walikuta shaba na kobalti miilini mwao. Hayo nayaandika ubaoni kila mwaka! Beseni langu sikuliona.

Nikawakumbuka pia masista Wadominiko wa Pátzcuaro, nchi ya Mexico. Hao hufuga achoque, ndugu yake aksoloti, mnyama wa maji mwenye matamvua nje ya kichwa kama manyoya. Zamani walimtaka kwa kutengeneza dawa ya kikohozi. Ziwa lao lilipochafuka naye akaanza kutoweka, wakamtunza ndani ya monasteri, na leo wana mamia. Nilijiuliza kama kati yao yupo aliyewahi kukesha hivi kwa ajili ya mmoja tu.

Jumatatu niliwaita watoto wote, kwa kuwa makosa niliyafanya mbele ya wote. Nikamwambia binti yangu, “Mimi ndimi niliyewaua. Unisamehe.” Shangazi yao akaguna mlangoni, kwetu baba haombi msamaha kwa mtoto. Binti yangu alinyamaza kitambo.

“Na tilapia, baba?”

“Tilapia hawarudi.”

Akaitika kwa kichwa, akaenda kuchota maji.

Siku ya sita kambale alipokea mnyoo. Udevu mmoja ulikatika, haujaota. Beseni la bati mke wangu hufulia nguo. Naye binti yangu, kila asubuhi kabla ya kumimina maji mapya, huchovya kidole, huonja, hutema, kisha hunitazama.